Maswali na Majibu: Nzito, Ngumu na ya Kudumu Si Kitu Kimoja

Nusu ya maswali ya safari hii kuhusu mbao yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua machache.

Mbao ipi ni ngumu kuliko zote duniani?

Swali hili haliishi kuletwa, na kila anayelileta hasemi mbao anaitakia kazi gani. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Janka, cha tangu mwaka 1906. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 husukumwa kwenye ubao mpaka nusu yake izame, kisha husomwa nguvu iliyotumika. Guaiacum, mti wa Karibi uliotengenezewa beringi za mihimili ya propela za meli kwa sababu mbao yake ina mafuta ya asili, hufikia kama nyutoni 20,000. Msaji uko karibu na 5,000. Balsa ni 300 hivi.

Lakini gololi inapima kubonyea tu. Haikuambii kama boriti itahimili mzigo, kama mlango utajipinda, au kama nguzo itaoza. Unataka sakafu isiyoachwa alama na visigino? Soma namba hiyo. Unataka kenchi za paa? Uliza nguvu ya kuhimili kupinda.

Fundi ameniambia balsa ni "mbao ngumu". Amekosea?

Hajakosea. Watu wa misitu huita mbao ngumu zile za miti ya majani mapana, na mbao laini zile za misonobari na jamaa zake. Wanataja ukoo wa mti, hawataji ubao ulioushika mkononi.

Nilitia ubao majini ukazama. Muuzaji anasema hiyo ndiyo dalili ya densiti kubwa na ubora. Ni kweli?

Ndugu yangu, ubao ulikuwa mkavu? Hukusema, na karibu wote wanaoniandikia hawasemi. Densiti, yaani uzito wa mbao kwa ujazo wake, isiyotajwa pamoja na unyevu wake haina maana yoyote.

Kuta za chembe za mbao, iwe balsa au mpingo, zina densiti karibu ileile: kilo 1,500 hivi kwa mita moja ya ujazo. Tofauti iko kwenye nafasi tupu zilizomo ndani. Balsa imejaa nafasi tupu, ndiyo maana ina kilo 150 hivi tu. Mpingo umeshonana hadi kilo 1,200 na zaidi, na huzama hata ukiwa mkavu kabisa. Sasa nafasi hizo zikijaa maji, hata msonobari unaweza kuzama. Anayekuuzia ubao mbichi kwa sifa ya uzito anakuuzia maji.

Fanya hivi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, usikate mwishoni, kwa kuwa ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani. Kitie kwenye oveni ya nyuzi 103 na uendelee kukipima mpaka uzito usishuke tena. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito mkavu. Gramu 84 zikishuka hadi 60, zimepotea 24, kwa hiyo unyevu ni asilimia 40. Huo ubao ni mbichi. Majedwali mengi ya densiti hutumia unyevu wa asilimia 12, hivyo usilinganishe.

Na jihadhari: ubao huo bado haujaanza kusinyaa. Kusinyaa huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Upande unaofuata mzunguko wa pete za ukuaji wa mti husinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda gome, ndipo ubao unapojikunja kama kigae. Ukiutengenezea mlango leo, utakuja kuuliza kwa nini haufungi.

Mbao nzito hailiwi na mchwa, sivyo?

Sivyo! Imani hii imewapotezea watu wengi fedha. Chukua msaji na mti wa mpira. Zikiwa kavu, mbao zake zinakaribiana sana kwa uzito, zote zikizunguka kilo 600 na kitu. Msaji hukaa nje miaka na miaka. Mpira usipotiwa dawa mapema baada ya kupasuliwa, kuvu na wadudu wanaotoboa huuvamia upesi. Kinacholinda ni kemikali ambazo mti wenyewe huziweka kwenye kiini chake. Ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gome haina ulinzi huo, hata kwa msaji. Kwa hiyo usiulize tu jina la mti. Geuza ubao uangalie una weupe kiasi gani.

Mti uliokua haraka huwa na mbao nyepesi?

Kwa misonobari, mara nyingi ndiyo. Kwa mwaloni ni kinyume: pete pana humaanisha mbao nzito zaidi.

Msaji si mgumu sana, mbona msumeno wangu unakuwa butu upesi?

Msaji una silika, madini yaleyale ya mchanga. Mvule nao huficha vijiwe vya chokaa ndani ya kiini. Tumia meno ya kabaidi, na uvae barakoa: tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Naona mafundi wakipiga randa siku nzima pua wazi, na inaniuma.

Kuni za mti gani zina moto zaidi?

Kilo kwa kilo, zikiwa kavu, zinakaribiana sana. Kausha kuni zako.

Naweza kupiga misumari kwenye mpingo?

Toboa kwanza kwa keekee, la sivyo utapinda msumari au utapasua mbao. Na usipoteze mpingo kwa kazi ya misumari. Mti huu huchukua miongo mingi kukomaa, na ndio watengenezaji wa klarineti na obo wanaoutegemea.

Sina maabara. Nitajuaje densiti?

Chonga kijiti kikavu, kilichonyooka, chenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Kigawe kwa alama sehemu kumi zilizo sawa. Kisimamishe kwenye chombo kirefu chembamba chenye maji. Maji yakifika alama ya sita kutoka chini, densiti ni kama kilo 600. Soma upesi kabla mbao haijanywa maji. Balsa itaishia alama ya kwanza au ya pili, msaji kati ya ya sita na ya saba, na mpingo utashuka moja kwa moja hadi chini.