Maswali na Majibu: Kubungua bongo kwa kalamu

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana. Tukikaa kutafuta wazo la mradi, wanaosema ni walewale wawili. Tufanyeje?

Anzeni kwa kuandika, kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza utaratibu uitwao 635: watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3 ndani ya dakika 5, kisha anampa jirani karatasi yake. Jirani anasoma, anaongeza matatu mengine chini yake. Aweza kuendeleza la mwenzake au kuleta jipya. Baada ya duru sita, yaani nusu saa, mnaweza kuwa na mawazo 108. Mengi yatajirudia na mengine yatakuwa dhaifu. Msivunjike moyo, kuchuja kunakuja baadaye. Ila nawasihi msiruke hatua ya kusoma kabla ya kuongeza. Hapo ndipo wazo la mmoja linapozaa la mwingine.

Kuzungumza kuna ubaya gani? Sisi tumezoea kikao.

Kikao kina nafasi yake, hasa wakati wa kuamua. Lakini kikaoni anasema mmoja tu kwa wakati, na wewe unayengoja zamu unalisahau wazo lako, au unaanza kuliona halina maana. Wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walilipima jambo hili, na mwaka 1987 wakaandika kwamba kungoja zamu ndiko hasa kunakopunguza mawazo ya kikundi. Kwetu kuna uzito mwingine pia: mzee akishatoa rai, kijana atasema nini tofauti mbele za watu? Basi msiandike majina. Wekeni karatasi katikati ya meza, kila mtu aokote yoyote na kuongeza. Heshima ya mzee inabaki, na la kijana linasomwa.

Nina wanafunzi 50. Itawezekana?

Itawezekana, mwalimu. Wagawe watano watano, kila mtoto na karatasi yake ya daftari. Usisahihishe tahajia siku hiyo.

Baadhi ya akina mama wa kikundi chetu hawaandiki.

Kila mmoja akae pembeni na mtu anayemwamini, amwambie wazo lake naye aliandike kwa maneno yaleyale. Karatasi ikizunguka, amsomee ya wenzake kwa sauti ya chini, kisha angoje jibu bila kumharakisha.

Je, kwenye kundi la WhatsApp?

Jibu la kwanza likionekana, wengi watalifuata. Kila mtu amtumie katibu mawazo yake kwa faragha, naye ayabandike yote kwa pamoja bila majina. Hapo ndipo muanze kuyaendeleza.