Maswali na Majibu: Oda za Uzalishaji na Skrapu

Mfumo wetu wa kompyuta wa uzalishaji na stoo unaonyesha tuna kilo 40 za malighafi, stoo hakuna kitu. Tunaibiwa?

Kabla hujamshuku mtu, angalia mfumo wenu unavyokata malighafi. Programu nyingi, zikiachwa kama zilivyowekwa, hazijui kilichotumika kweli. Oda ya uzalishaji (agizo la kiwandani la kutengeneza idadi fulani ya bidhaa) ikikamilika, zinachukua idadi ya bidhaa nzuri na kuizidisha kwa kiasi kilichomo kwenye fomula, yaani orodha ya malighafi za bidhaa moja. Tuseme mmetoa bidhaa 500 na kila moja inakula gramu 800: zinakatwa kilo 400, basi. Zile 50 zilizoharibika mashineni zikatupwa kimyakimya zilikula kilo 40, na hakuna aliyeuambia mfumo. Mwizi wenu huenda ni huyo. Andikeni skrapu, yaani vilivyoharibika vikatupwa, ndani ya oda yenyewe kabla haijafungwa, ili gharama yake ibebwe na oda iliyoisababisha, isije ikazuka siku ya kuhesabu stoo.

Nahitaji vipande 1,000 vizuri, na kwa kawaida asilimia 5 huharibika. Nifungue oda ya 1,050?

Utapungukiwa. Asilimia 5 ya 1,050 ni kama 52, kwa hiyo utabaki na 998 hivi. Gawanya 1,000 kwa 0.95, upate 1,053. Ila chunguza kwanza programu yako: jaribu oda ya vipande 100 yenye skrapu ya asilimia 10. Ikikuletea 110, inajumlisha tu. Ikileta 111 au 112, inagawanya. Na asilimia hiyohiyo usiiweke kwenye bidhaa kisha ukairudia kwenye malighafi zake, maana utaagiza mara mbili kwa hasara moja.

Bidhaa yenye kasoro inayorekebishika ni skrapu?

Hapana. Ifungulie oda ya marekebisho. Ikishindikana huko, ndipo iwe skrapu.

Oda imeshafungwa, wakaguzi wakakuta mbovu 12. Niifute nianze upya?

Usiguse! Bidhaa hizo zimeshaingia stoo, kwa hiyo andika skrapu kutoka stoo ya bidhaa zilizokamilika, kwa namba ya bechi (kundi lililotengenezwa pamoja) ileile. Ukifuta oda, unapoteza pia kumbukumbu ya bechi ya malighafi iliyotumika, na pengine ndiyo yenye tatizo.

Tuna orodha ya sababu 60 za skrapu, lakini karibu zote zinaandikwa “Nyinginezo”.

Nani ana muda wa kusoma sababu 60 mashine ikiwa inanguruma? Bakisheni chache zinazoenea kwenye skrini moja, mfute hiyo “Nyinginezo”, na anayeingiza awe fundi wa mashine, papo hapo, si karani anayeingiza ya wiki nzima siku ya Ijumaa.