Kabala sio Freemason wakuu: nilichokiona nikimtunza mzee wa Kiyahudi Brooklyn

Mleta mada kauliza kama Kabala, yaani ile elimu ya siri ya dini ya Kiyahudi, inaweza kumsaidia mtu wa kawaida kwenye maisha ya sasa, mambo ya hela, familia, msongo na kadhalika, maana kakutana na jamaa mtandaoni anauza kozi ya dola mia mbili na ndani yake kuna uzi mwekundu wa kuvaa mkononi. Nimesoma majibu yote hapo juu, nusu mnasema ni Freemason, nusu mnasema uchawi, na mmoja kamwambia asiguse atakuwa chizi (huyo kidogo ana pointi, ntarudi kwake).

La Freemason tulimalize haraka. Wale jamaa lodji yao kuu ya kwanza, yaani chama chao kikuu, imeundwa London 1717, wakati Zohar, kile kitabu kikubwa cha Kabala, kilianza kuzunguka Hispania mwishoni mwa karne ya 13, yaani tayari kilikuwa na miaka zaidi ya 400. Na huo uzi mwekundu ndo kabisaa, kuna watu wanauzungushia kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu na wanauvaa kwa imani yao sawa, ila kuna kitabu cha zamani cha Wayahudi wenyewe kinaitwa Tosefta kinataja kufunga uzi mwekundu kidoleni kama moja ya mila za wapagani. Mzee wangu nikimuuliza kuhusu huo uzi anacheka tu, anasema yeye nyuzi zake anazo za kutosha, anaonyesha zile zinazoning'inia kwenye vazi lake la dini.

Sasa huyo mzee ni nani. Mimi ni mtu wa Tanga, Muislamu, nipo Brooklyn, New York, mwaka wa saba, kazi yangu kutunza wazee majumbani, na miaka minne nimekuwa na huyu mmoja pale Crown Heights, Myahudi wa ile jamii ya Chabad, wenye ndevu na kofia nyeusi, makao yao makuu yapo 770 Eastern Parkway. Familia ilitaka mwanaume wa kumwogesha nikapelekwa mimi. Namwita Mzee, kwa Kiswahili hivyohivyo, na kalizoea jina mpaka anajitambulisha nalo kwenye simu.

Mwaka wa kwanza baada ya Pasaka yao nikaona wamebandika chati kwenye friji ina vyumba 49. Jioni moja nikamuuliza, Mzee leo ni siku ya ngapi kwenye hii chati? Akanijibu "jana ilikuwa kumi na moja". Nikasema sawa, leo je? "Jana ilikuwa kumi na moja." Nikarudia mara ya tatu, jibu lilelile na tabasamu juu. Nikajua basi, akili imeanza kuondoka, nikaandika kwenye ripoti ya ofisi kwamba mteja kachanganyikiwa na siku. Kesho yake binti yake kanipigia anacheka mpaka anakohoa. Kumbe zile siku 49 kati ya Pasaka na Shavuoti, sikukuu yao inayofuata, wanazihesabu kila usiku kwa kutamka, na kabla hujatamka unasoma baraka kwanza, sasa mtu akikuuliza jioni leo ya ngapi kabla hujahesabu ukamtajia namba umeshahesabu tayari na baraka imekupita, kwahiyo unamtajia ya jana yeye ajumlishe mwenyewe. Ripoti ikabidi niifute kwa barua.

Nimeanza na hiyo chati makusudi maana kwangu mimi ndo Kabala yote niliyoielewa, hayo mengine ya malaika na ulimwengu wa juu nawaachia wenyewe. Hiyo hesabu inaitwa Omeri. Kabala inasema Mungu anajidhihirisha kwa sefira kumi, sijui nizitafsiri vipi, siyo miungu kumi jamani, ni kama njia au sifa ambazo nuru yake inapitia. Saba za chini ndo zinagusa tabia za mtu: hesedi ni kutoa, mkono uliokunjuliwa, gevura ni kuzuia, kujibana, kuweka mpaka, tifereti inakaa katikati ya hizo mbili, halafu netsa (kudumu), hodi (ntaieleza sasa hivi), yesodi (msingi) na malkuti (ufalme). Kila wiki ya Omeri ina sefira yake na kila siku ndani ya wiki ina yake, saba mara saba 49, kwahiyo siku ya 2 inakuwa gevura ndani ya hesedi, na siku ya 33, ile ya mioto na watu kumiminika mlima Meron kule Israeli, ni hodi ndani ya hodi. Nilipomwambia Mzee kwetu "hodi" ndo neno la kuombea ruhusa mlangoni kabla hujaingia kwa mtu alishika ndevu akanyamaza kidogo, maana hodi yao hao Chabad wanaieleza kama unyenyekevu, kukubali kwamba kuna aliye juu yako. Sisemi maneno yana asili moja, hapana, ila alilipenda akawa anawahadithia wageni wote.

Basi mwaka wa pili. Hapo mimi nipo vibaya kifedha, natuma nyumbani karibu nusu ya mshahara, mama, mdogo wangu, baba mdogo, ada za watoto wa dada, na bado kila wiki kuna mtu "amekwama kidogo tu", na mimi siwezi kusema hapana, nikisema hapana silali. Kodi ya chumba nikachelewesha miezi miwili. Usiku mmoja nipo jikoni kwa Mzee nabishana na mdogo wangu kwenye simu, kwa Kiswahili, nadhani ni siri, kumbe sauti tu imeshamwambia kila kitu. Akaniita. Akauliza ni hela? Nikasema ni hela. Akanyoosha kidole kwenye friji, ilikuwa siku ya 2.

Akaniuliza kwenu mnalima? Nikamwambia babu alikuwa na shamba Muheza. Mvua ikija inakujaje? Nikamwambia inategemea, masika ndo kubwa, vuli inakuja ndogondogo. Hapana, akasema, inakujaje, tone kwa tone au inamwagwa kama ndoo? Nikacheka, tone kwa tone Mzee. Akasema kwenye Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, mvua inaitwa gevura, wakati kila mtu anajua mvua ni hesedi, ni baraka tupu, kwanini waite jina la kuzuia? Kwa sababu ya matone. Maji yaleyale ya shamba zima yakishuka kwa mpigo yanaondoka na mbegu, na udongo, na nyumba ya babu yako. Tone ni maji yaliyozuiwa. Akaniambia wewe unawamwagia ndugu zako ndoo.

Wakuu sikumjibu kitu. Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni mpaka chai ikapoa.

Halafu akaongeza na sheria juu yake, maana hawa hawaachi wazo likae hewani. Wanazuoni wao walikaa mji wa Usha kule Galilaya karne ya 2 wakaamua anayetoa sana asizidishe moja ya tano ya mali yake, ili na yeye asije akawa wa kuombaomba. Nikapiga hesabu, nilikuwa nimezidisha zaidi ya mara mbili. Na akanipa ya Maimonides, mwanazuoni wao mkubwa wa zamani, kwamba sadaka ya juu kabisa ni kumshika mtu kwa mkopo au kazi au ubia mpaka asihitaji tena kuomba, nikamuuliza hiyo nayo ni Kabala? Akakunja uso, "hiyo ni akili ya kawaida".

Nikabadilisha. Fungu moja, tarehe 5 ya kila mwezi, anapewa mama yeye ndo anagawa. Mdogo wangu alikuwa anajua kushona nikamnunulia cherehani, nikamwambia hela ya vocha mwisho leo. Sitawadanganya kwamba mambo yakanyooka. Mdogo wangu alinuna miezi miwili afu akazoea, sasa anashona sare za shule, kuna mwezi anapata kuna mwezi anakula kwa mama. Baba mdogo akawaambia ukoo mzima Wayahudi wameniharibu, na dada kwa kweli aliumia, mwanae mmoja alikaa nyumbani muhula mzima na hilo bado linanikaa kooni.

Mambo ya namba nayo mtauliza, maana huko mtandaoni ndo biashara kubwa. Kila herufi ya Kiebrania ina thamani, alefi 1, beti 2, gimeli 3, daleti 4. Mimi nimekulia nyumba ambayo babu alikuwa na kitabu cha falaki na anapiga abjadi, alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, kwahiyo Mzee alivyoanza kunitajia mimi nikamalizia, tukaenda sambamba mpaka 400 bila kupishana, yeye herufi zake zikaishia hapo mimi nikaendelea mpaka 1000 nikamwambia nimekushinda. Sisi tunaandika 786 mbele ya duka kwa ajili ya Bismillahi, wao wana 18 ambayo ni neno la uhai, ndo maana siku moja alinipa zawadi dola 36, yaani 18 mara mbili, nami nikawa najiuliza hizi nne za kufika arobaini zimeenda wapi. Yeye mwenyewe namba anazichukulia kama chumvi kwenye chakula. Mtu anayekuuzia namba ya bahati anakuuzia chumvi kwa bei ya nyama.

Sasa yule aliyesema utakuwa chizi. Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha sheria na mafundisho, ina habari ya wanazuoni wanne walioingia bustanini, yaani kwenye siri hizi, mmoja akafa, mmoja akarukwa na akili, mmoja akaiacha njia, na Rabi Akiva peke yake akatoka salama. Na ile ya kusubiri ufike miaka 40 ndo usome Kabala ina historia yake. Hispania iliwafukuza Wayahudi 1492, wengine wakaishia Safed kule Galilaya, na hapo akatokea mwalimu wa Kabala Isaac Luria ambaye alifika 1570 na kufariki 1572 akiwa na miaka 38 tu, kwahiyo mwenyewe hakufika hiyo 40, karibu yote tunayojua aliyaandika mwanafunzi wake Chaim Vital. Alifundisha kwamba nuru ilipomiminwa vyombo vikashindwa kuibeba vikapasuka, cheche zikatawanyika, na kazi ya mtu ni kuziokota popote alipo, sasa fikiria hilo fundisho kwa watu waliotawanywa. Baadaye 1665 akatokea Shabbetai Zevi akatangazwa kuwa Masihi, watu wakauza mali kumfuata, mwaka uliofuata akasilimu mbele ya Sultani wa Uturuki. Wakaungua vibaya, na 1756 marabi wa mji wa Brody, uliokuwa Poland wakati huo, wakaweka marufuku, Zohar mpaka ufike miaka 30, maandishi ya Luria mpaka 40. Woga wao ulikuwa na sababu.

Kingine kwa wazazi wa humu, maana mleta mada kataja familia. Luria anasema kabla ya kuumba, Mungu alijibana akaacha nafasi, ndo inaitwa tsimtsumu. Mzee analea wajukuu kwa hiyo, anasema mzazi aliyejaza nyumba nzima, mtoto akae wapi? Mimi mwanangu wa miaka 15 yupo Tanga, nilikuwa nampigia simu kila siku kumkagua kama askari. Nimepunguza hadi mara mbili kwa wiki na sasa ananipigia yeye.

Mwaka huu Mzee alifanyiwa upasuaji katikati ya Omeri, siku nzima ikampita kalala na dawa. Ukiruka siku nzima sheria yao unaendelea kuhesabu ila husomi baraka tena, unasikiliza ya mwenzako unaitikia amina. Alivyozinduka tu kaniuliza, nikamwambia Mzee jana ilikuwa 23. Akafumba macho akahesabu taratibu, bila baraka, akanigeukia akaomba maji.

Kwahiyo mkuu kozi usinunue, hiyo dola mia mbili ina kazi. Kama unataka kujaribu chora chati yako ya vyumba 49 kwenye karatasi, ni bure.

Baba mdogo kapiga juzi, mara ya kwanza baada ya miezi minane. Kaniuliza huyo Myahudi wako hajambo? Nikamwambia hajambo, anatembea na kigongo. Tukaongea vizuri tu, mvua, mahindi, afya ya mama, halafu akakohoa akasema amekwama kidogo. Ilikuwa tarehe 20. Nikamwambia baba, fungu linatoka tarehe 5, lipo kwa mama, akasema haya, akakata, ila jana kanitumia picha ya mahindi.