Maswali na Majibu: Je, Desa Litanivusha Mwaka wa Kwanza?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada ya sayansi, na hisabati ndilo somo langu kuu. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) nikapata daraja la kwanza, hisabati nikiwa na A. Katika jaribio la kwanza la muhula huu nimepata 9 kati ya 20. Kaka mmoja wa mwaka wa pili ananiambia sikukosa akili, nimekosa madesa tu, yaani zile notsi na majibu yaliyokwisha kuandaliwa na wengine, na ananiuzia desa la kozi zote tano kwa shilingi 25,000, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita ikiwa imekwisha kujibiwa. Je, ninunue, au nihame kozi mapema?

Jibu: Marahaba. Usihame, na hiyo 25,000 baki nayo. Alama 9 kati ya 20 ni sawa na 45 kwa 100, ambayo kwa mizani ya vyuo vyetu ni C. Wewe umezoea mizani ya kidato cha sita ambako A huanzia 80, ilhali chuoni huanzia 70, kwa hiyo usizisome namba za huku kwa macho ya kule. Tena jaribio hilo ni kipande tu cha alama za kazi za muhula, ambazo katika vyuo vingi ni 40, na zile 60 za mtihani wa mwisho bado hujazigusa. Suala la kuhama kozi naliacha hapo, kwa maana kilichonikera katika barua yako ni hilo desa, ambalo kila mwaka, matokeo ya jaribio la kwanza yakishabandikwa, huwanasa wanafunzi waliofaulu vizuri kabisa huko walikotoka.

Linakotoka napaelewa. Mtihani wa kidato cha sita hutungwa na Baraza la Mitihani kwa kufuata muhtasari mmoja wa nchi nzima, na muundo wa karatasi hujulikana mapema, kwa hiyo aliyefanya karatasi za miaka kumi ana haki ya kutarajia kwamba ya kumi na moja itafanana nazo. Chuoni anayefundisha ndiye anayetunga. Mwaka huu ni mimi. Mwaka juzi alikuwa mwenzangu ambaye sasa yuko masomoni, na aliyoyapenda yeye siyo ninayoyapenda mimi. Karatasi za zamani zina kazi moja ya maana, nayo ni kujipima baada ya kusoma, saa ikiwa mezani na daftari likiwa limefungwa, na zikishajibiwa na mtu mwingine hata faida hiyo imekwisha.

Nikuoneshe jambo lenyewe lilivyo kwenye karatasi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutakiwa kuthibitisha, kwa fasili ya epsiloni na delta, kwamba x² inakaribia 4 pale x inapokaribia 2. Kidato cha sita ungeweka 2 mahali pa x, ukaandika 4, ukapata alama zako. Hapa unatakiwa kuonesha kwamba tofauti kati ya x² na 4 inaweza kufanywa ndogo kiasi chochote utakachoambiwa (kiasi hicho ndicho epsiloni): unaigawa kuwa (x − 2)(x + 2), unaamua kwamba umbali kati ya x na 2 hautafika 1, ndipo unapoona kwamba x + 2 haiwezi kufika 5, na kwa sababu hiyo unachagua delta, yaani umbali kutoka 2 ambao x haitaufikia, iwe ile iliyo ndogo kati ya 1 na epsiloni gawanya kwa 5. Hiyo 5 ina mama yake. Katika desa linalozunguka siku hizi, ambalo ninalitambua kwa kosa la tahajia lililomo kwenye mstari wa tatu, uthibitisho huo upo wote na ni sahihi. Muhula mmoja nilibadilisha kitu kimoja tu: nikaandika x inapokaribia 3, kikomo kikiwa 9. Hapo kigawanyo kinapaswa kuwa 7, kwa kuwa sasa kinachohusika ni x + 3. Nilikaa usiku nikisahihisha, na karatasi baada ya karatasi nikakuta 5, baadhi zikiwa na lile kosa la tahajia vilevile. Walioandika hivyo walikuwa wamekesha, najua, lakini sikuona pa kuwapa alama.

Sasa turudi kwako. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120. Ikiwa na mihadhara ya saa tatu na semina ya saa moja kwa wiki, katika wiki 15 utakuwa umekaa darasani saa 60. Nyingine 60 hazimo kwenye ratiba. Hakuna kengele ya prepo wala mwalimu wa zamu wa kuzisimamia, na aliyetoka bwenini hudhani ni mapumziko. Ni saa nne kwa wiki kwa kila kozi, yaani saa 20 kwa kozi zako tano. Zianze siku ileile ya mhadhara: funga daftari, andika uthibitisho upya kwenye karatasi tupu, na mstari utakapokwama upigie alama uje nao kwenye semina. Njoo na mstari, tafadhali. Anayekuja na "sijaelewa mada yote" hata mimi sijui nimshike wapi.

Huyo kaka anayekuuzia desa pengine anatafuta hela ya kula mpaka bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, litoke, na sina ugomvi mkubwa naye. Ugomvi wangu ni na wanaotangaza kwenye makundi ya WhatsApp "siri za GPA" kwa semina ya saa mbili, na zile steshenari za jirani na vyuo ambako mwanafunzi huacha kichwa cha utafiti pamoja na malipo ya awali, kisha akarudi kuchukua ripoti iliyokwisha kuchapwa na kutiwa jalada. Mteja wa desa mwaka wa kwanza huishia kuwa mteja wao mwaka wa tatu, kwa kuwa hajawahi kuandika ukurasa wake mwenyewe akaona unavyosumbua. Nikiwa kwenye jopo la kusikiliza tafiti, niliwahi kupewa ripoti ambayo jalada lake lilisema Kilosa, na sura ya tatu ikaeleza jinsi sampuli ilivyopatikana Mbulu. Nilimwuliza mwenye ripoti alikwenda Mbulu lini, naye akageuza kwanza kutazama jalada. Kanuni za vyuo huuita huo wizi wa kitaaluma, adhabu yake huweza kufika hadi kuondolewa chuoni, na anayeadhibiwa ni yule ambaye jina lake liko juu ya jalada. Steshenari hufunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi kama kawaida.