Maswali ya nyumba: chumba cha mzee ndani ya parseli

Baba yetu ana miaka 76 na goti moja halimkunjiki. Tunataka kumjengea chumba chake na choo hapa hapa parselini. Kaka yangu anayeishi Ulaya anasema kule serikali zilijengea wazee nyumba baada ya vita. Tuige nini kwao? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

Ndugu yetu, yapo ya kuiga, na lipo moja la kukwepa.

Tuchukue Uingereza. Sheria ya 1948 iliziagiza halmashauri ziwape makao wazee wasiojiweza. Lakini vifaa vya ujenzi vilikuwa haba, na wengi wakabaki katika majumba ya kale ya maskini, vitanda safu kwa safu. Mtafiti Peter Townsend aliyaanika hayo mwaka 1962. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeanza kuhimiza vyumba vidogo vya wazee: kila mtu na mlango wake na meko yake, ila bafu la kushirikiana. Mwaka 1969 waraka namba 82/69 uliweka mafungu mawili. La kwanza ni nyumba za wazee wanaojimudu. La pili ni vyumba vilivyounganishwa kwa ushoroba uliofunikwa, pamoja na sebule ya wote, mahali pa kufulia, kengele ya dharura na msimamizi anayekaa papo hapo.

La kukwepa ni kile chumba kimoja cha kulala na kukaa, chenye bafu la wote. Kufikia miaka ya 1980 halmashauri nyingi zilikosa watu wa kuvipanga. Mzee hupokea wageni, na hapendi wakae kitandani kwake. Kwa hiyo mpe baba walau mita 3 kwa 5, na katikati jenga ukuta mfupi unaoficha kitanda.

Choo kiwe ndani, karibu na kitanda, si kule mwisho wa parseli ambako atapapasa gizani usiku wa mvua. Mlango uache nafasi wazi ya sm 80 au zaidi, na ufunguke kwa nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaoufunga, na hamwezi kumfikia. Kama ni choo cha shimo, jengea kiti cha matofali chenye kimo cha sm 45 hadi 48. Chini ya hapo goti bovu haliinuki.

Vyuma vya kushikilia ndivyo vinavyoharibiwa na mafundi kila mara. Tumia bomba la inchi 1, ambalo kwa nje lina karibu mm 33 na linajaa kiganja vizuri. Liache sm 4 hadi 5 kutoka ukutani: nafasi ikiwa ndogo vidole havipiti, ikiwa kubwa mkono unateleza na kunaswa. Kando ya kiti cha choo, liwe sm 70 hadi 80 kutoka sakafuni. Shida kubwa ni ukuta wenyewe. Skrubu na plagi ya plastiki katika tofali bichi hung'oka siku mzee atakapoliegemea kwa uzito wote, yaani siku anayolihitaji kuliko zote. Pitisha bolti ya mm 10 ukuta mzima, na upande wa pili uweke bamba la chuma la sm 10 kwa 10. Kama ukuta umeshaanza kumeguka, uache kabisa: simika nguzo ya bomba sakafuni, ndani ya shimo la zege lenye kina cha sm 40.

Na ile kengele? Kamba ya nailoni inayovuta kengele iliyo nyumba kubwa inatosha. Ianzie chooni, na ncha yake iishie sm 10 juu ya sakafu, kwa sababu aliyeanguka huita akiwa chini. Waambie watoto wasiifunge juu wanapofagia. Hata huko Ulaya kamba hizo hukutwa zimefungwa juu, hazifikiki.

Fundi alitujengea mteremko wa saruji kwa ajili ya kiti cha magurudumu cha mama. Sakafu iko sm 42 juu ya uwanja, mteremko una urefu wa m 1.5. Hatuwezi kumsukuma hadi juu. (Msomaji, Ruashi)

Hamtaweza, na msijaribu tena: kiti kinaweza kupindukia nyuma. Kanuni ni sm 12 za urefu kwa kila sm 1 ya kimo. 42 mara 12 ni m 5.04. Juu na chini ongeza uwanja tambarare wa m 1.5 kwa 1.5, ili kiti kigeuke na mlango ufunguke. Kama nafasi haitoshi, pindisheni njia ifuate ukuta, na penye kona muweke uwanja mwingine wa namna hiyo.

Udongo wa kujazia ushindiliwe kwa tabaka za sm 15. Ukimwagwa wote kwa mara moja, mvua za Desemba zitaudidimiza na zege litapasuka. Kwa upana wa m 1.2 na unene wa sm 10, zege la 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) litakula karibu mifuko minne ya simenti ya kilo 50. Msilainishe juu: pitisheni ufagio mgumu kukatiza njia kabla halijakauka. Kingo ziwe na kimo cha sm 7, zenye mianya ya kutolea maji.

Ngazi nazo zibaki, tatu za sm 14. Mtu anayetembea kwa fimbo mara nyingi huona mteremko mgumu kuliko ngazi fupi yenye kishikizo.

Nyumba za OCA (ofisi ya nyumba ya serikali ya kikoloni) na za kambi za wafanyakazi, je, zilifikiria wazee? (Msomaji, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana. OCA ilianzishwa mwaka 1952, na nyumba zake, kama zile za Ruashi, zilipimwa kwa baba mfanyakazi, mke na watoto. Kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, unatoka. Mzee alitegemewa kurudi kijijini. Ndiyo maana leo mnabomoa na kuongeza, na kazi hiyo ni ya haki.

Juni na Julai bibi anatetemeka usiku. Tumwekee mbabula chumbani? (Msomaji, Kampemba)

Mama, tunakusihi, usifanye hivyo. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Baridi yenu inashukia kwenye malata. Pigeni plafo, hata ya mbao nyembamba, zibeni mwanya kati ya ukuta na malata, na msogeze kitanda sm 20 kutoka ukuta wa nje. Matundu ya hewa ya juu muyaache wazi.