Re: Nakariri maneno magumu ya Kiingereza, wiki ikiisha yamepotea

Mkuu, umesema unakariri maneno 30 kwa siku kutoka kwenye kamusi, na wiki ikiisha yote yameyeyuka. Hata mimi yangeyeyuka! Punguza yawe 5, tena uyaokote kwenye kitu unachosoma mwenyewe.

Kisha chimba mzizi. Kiingereza cha juu kimejaa Kilatini: "bene" ni vema, "male" ni vibaya. Hapo "benevolent" ni anayewatakia wenzake mema, "malevolent" ni mwenye nia mbaya, "benefactor" ni mfadhili. Mzizi mmoja, maneno kibao.

Ila usiridhike na tafsiri ya neno moja. Mimi nilidhani "notorious" ni "mashuhuri" tu, nikamwandikia mwalimu wangu kwenye barua ya shukrani. Kumbe ni anayejulikana kwa ubaya! Mpaka leo naona aibu. Kwa hiyo andika sentensi nzima, uone neno linaandamana na yapi. "Mitigate", yaani kupunguza makali, hupenda kukaa na "risk" au "damage".

Rudia kesho, baada ya siku tatu, wiki, halafu mwezi. Ficha maana kwanza, uivute kichwani ndipo ufunue.