Roboti ya kufagia kwa mama

SWALI: Shikamoo kaka. Mama anaumwa mgongo, hawezi tena kuinama na ufagio. Nataka kumnunulia roboti ya kufagia. Sakafu yetu ni ya vigae, ila sebuleni kuna zulia jeusi la manyoya. Nichague ipi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mama pole sana. Kabla ya kwenda dukani, pima vizingiti vya milango kwa rula. Roboti nyingi huvuka kimo cha sentimita 2 hivi. Kikizidi hapo, mama atakuwa anaibeba chumba hadi chumba, na mgongo ni uleule.

Zulia nalo litasumbua. Chini ya roboti kuna vihisi vinavyoizuia isiporomoke kwenye ngazi: vinatuma mwanga sakafuni na kusubiri urudi. Zulia jeusi linaumeza mwanga huo, roboti inadhani imefika ukingoni, inageuza. Manyoya marefu pia hujisokota kwenye brashi. Mimi ningelitoa kabisa.

Chukua yenye leza inayochora ramani ya nyumba, si ile inayogongagonga kuta. Ikiwa imetoka Marekani, soma chaja: iandikwe 100–240V, maana umeme wetu ni 230.

Vumbi la Uyole kiangazi unalijua mwenyewe. Ulizia chujio za akiba kabla hujalipa, na kisanduku cha vumbi wewe ndiye ukimwage kila jioni, mama asiinamie. Ya kupiga deki isikushawishi. Tope la mvua bado linataka dekio la mkono.